Dawa ya Tumbo la Bi Mkubwa

Wodi ya wanaume
4 Februari

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha baba mkwe wako. Anakusalimu. Kidonda cha mguu bado hakijataka kufunga. Sukari ndiyo inayokizuia, na daktari hataki hata kusikia habari za kurudi nyumbani. Mkeo tunapokezana naye vizuri, mimi nikilala yeye yuko macho.

Lakini sikuandikii habari za mguu. Nakuandikia habari za mke mwenzangu. Unamjua: yule Bi Mkubwa wa bluu anayelala chini ya bati, ua wa nyuma, mwenye bampa za kung'aa. Mzee alimnunua kabla hajaniposa, na tangu niingie nyumba ile sijawahi kumshinda. Daktari akimuuliza mgonjwa ameamkaje, yeye anajibu, "Mvua zinakaribia, na lile gari langu halijapakwa kitu chini."

Sasa ameamua. Anataka tumbo la gari lipakwe dawa ya kuzuia kutu, ile mnayoiita andakoti, kabla mvua hazijaanza. Nikamwambia yupo fundi jirani. Akanitazama kama nimemtukana. "Mwanamke, nina mkwe fundi wa magari, nimpe gari langu mtu wa kando?" Anasema dawa ziko za aina nyingi, na wewe uchague mwenyewe, hawezi kukufundisha kazi yako.

Ufunguo wa nyumba uko kwa jirani wa mlango wa kijani. Nimeambiwa niandike, nisipige simu, kwa sababu maneno ya simu yakishasemwa yamekwisha. Kwa hiyo barua zako nitakuwa namsomea kwa sauti. Miwani yake ilivunjika siku tulipomleta.

Mama yako mkwe


10 Februari

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo Mama. Shikamoo Baba. Namwombea Baba nafuu ya haraka.

Barua nimeipokea kwa heshima. Habari ya gari isiwatie wasiwasi hata kidogo. Suala la andakoti ni suala la kitaalamu linalohitaji mtu kuzingatia hali ya hewa, umri wa chuma na ubora wa dawa. Nimeomba ruhusa gereji, na Jumamosi nitasafiri kwenda huko nyumbani kulishughulikia mwenyewe. Baba apumzike. Gari liko mikononi mwa mwanawe.

Mkweo mtiifu


10 Februari

Mke wangu,

Hii usiisome mbele ya mtu. Isome chooni ikibidi.

Unajua nimejibu nini? Nimejibu kwamba nitafanya. Mkono uliandika wenyewe. Nimeandika "suala la kitaalamu" mimi, mtu ambaye gereji nzima wananiita Sindano! Miaka yote niko pale nyuma na cherehani yangu, nashona viti na kubandika vitambaa vya dari, na sijawahi hata siku moja kuinama nikaona gari likoje chini.

Na wewe unajua ilivyoanza. Mjomba wangu, siku ya posa, alisema "kijana wetu ni fundi wa magari," nami nikatazama mkeka. Nilidhani ni maneno ya siku ile tu. Kumbe mzee aliyaweka moyoni. Kila tukionana ananiuliza habari za gia na injini, nami naitikia "Ndiyo Baba, ndiyo Baba," jasho likinitoka mgongoni.

Nisaidie. Mwambie mama yako naumwa. Mwambie chochote.

Mumeo


15 Februari

Mume wangu,

Sisemi unaumwa. Hapa kuna wagonjwa wa kweli.

Umechelewa pia. Barua yako kwa Mama imeshasomwa, na haikusomwa kwa Baba peke yake. Wodi nzima ilinyamaza kusikiliza. Baba aliomba lile fungu la "hali ya hewa na umri wa chuma" lirudiwe, kisha akageuka akawaambia wenzake, "Mmesikia? Huyo ndiye aliyemwoa binti yangu." Nilikuwa nimeshika beseni. Nilitamani kulivaa kichwani.

Kitanda cha dirishani yuko mzee mmoja aliyevunjika paja, wamelining'iniza kwa kamba. Alikuwa fundi wa mabasi maisha yake yote, wanamwita Spana. Huyo ndiye aliyewasha moto. Anasema dawa ya nta ndiyo dawa: inapenya kwenye maungio na haifungii maji ndani. Mwenye bandeji za macho anasema lami nzito ndiyo mambo yote, jiwe likipiga halipenyi. Sasa wodi ina vyama viwili, na wanangoja useme umechagua nini. Nesi mkuu amejiunga na lami.

Sikiliza. Mwandikie Baba ukweli sasa hivi, wakati jambo bado ni dogo. Mistari miwili tu: mimi nashona viti, nitamtafuta mtu anayejua. Atanuna siku chache, kisha atasahau. Mimi pia nimenyamaza miaka yote hii na sijivunii. Lakini mimi ni binti yake, siwezi kukuvua nguo mbele ya watu wale. Jivue mwenyewe.

Mkeo


23 Februari

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo Mama, na salamu kwa Baba na kwa wazee wote wa wodini ambao nimesikia wanaifuatilia kazi hii.

Nafurahi kuwajulisha kwamba imekamilika. Nililiinua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya magogo, nikalikagua kwa makini. Baada ya kupima faida na hasara za kila dawa, nilichagua lami nzito. Nilipaka kuanzia mbele hadi nyuma, tabaka juu ya tabaka, bila kuacha hata mahali pa kuchomeka kucha. Chini yote sasa ni nyeusi tii, inang'aa kama kiatu kipya. Kutu haionekani popote.

Mvua ya kwanza imenyesha juzi na gari limetulia. Baba asiwe na shaka.

Mkweo mtiifu


23 Februari

Mke wangu,

Najua utanikasirikia. Nilikusudia kuandika ile mistari miwili. Niliiandika, kisha nikaikunja, nikaichanachana.

Dukani muuzaji aliniuliza, "Gari la zamani? Kutu imefika wapi? Utasugua kwanza?" Ningemwambia sijui, angenieleza yote, alikuwa mtu mpole. Lakini nyuma yangu walikuwepo wateja wawili. Nikajibu, "Mimi ni fundi, ndugu, nipe tu ile nzito." Akanipa. Niliichagua lami kwa sababu moja: inaficha.

Chini kule kulikuwa na matope yaliyoganda, na kutu inayobanduka kama magamba ya samaki. Niligusagusa kwa brashi, vumbi likaniingia machoni, nikaacha. Nikapaka juu ya matope. Juu ya kutu. Juu ya kila kitu nilichokiona, mabomba, nyaya, vitundu, vyote. Nilipomaliza nilisimama mbali nikatazama, na utaamini? Nilijiona fundi. Kama saa nzima hivi nilijiona fundi kweli.

Sindano wako


1 Machi

Mwanangu,

Furaha iliyokuwa hapa huwezi kuamini. Chama cha lami wamepiga makofi, mwenye bandeji za macho alitaka kusimama kitandani. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tufike.

Spana peke yake hakupiga makofi. Aliuliza jambo moja, nami nakuletea kama alivyolisema: "Mwulizeni fundi wenu kama ameviacha wazi vitundu vya kutolea maji, vya chini ya milango na vya sakafuni." Mzee alimjibu kwa ukali kwamba mkwe wake si mtu wa kuulizwa maswali ya watoto. Mimi naona nikuulize tu, moyo utulie.

Habari njema nyingine: daktari anamruhusu mzee Ijumaa ya tarehe kumi na nne, kwa sharti kwamba kila wiki arudi hapa kidonda kisafishwe. Na mzee hataki basi. Anataka wewe uje na Bi Mkubwa mpaka getini, apande mbele ya macho ya wenzake, aende kwake. Wote wameshaahidi kukaa madirishani.

Mama yako mkwe


6 Machi

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo. Ndiyo, vitundu viko wazi. Tarehe kumi na nne nitakuwa getini saa nne asubuhi.

Mkweo


Nyumbani
18 Machi

Mwanangu,

Tumefika, kwa basi. Mzee amelala chumbani, uso kwenye ukuta. Sijui barua hii itakukuta wapi. Mkeo anasema nyumbani kwenu hujarudi na gereji hawajakuona, kwa hiyo naituma kwa mjomba wako, nina hakika uko kwake.

Nataka ujue nilichokiona, ili usidhani watu wameona zaidi ya hapo. Tuliona moshi kabla hatujaliona gari. Mlinzi alipiga kelele za moto, akakimbia na ndoo ya mchanga. Ulishuka ukikohoa. Ile lami uliyoipaka kwenye ekzosi, bomba la moshi, ilikuwa inachemka na kudondoka chini. Wagonjwa wote walikuwa madirishani kama walivyoahidi. Spana alikuja na magongo yake mapya, taratibu, akainama, akagonga chini ya mlango kwa ncha ya gongo. Pakasikika maji yakicheza ndani. Akachokoa kidogo, yakamwagika miguuni pake, meusi, kama birika limepinduliwa. Wewe ukaweka funguo juu ya paa la gari, ukatoka getini. Nilikuita. Nilikuita kwa sauti ambayo mama mkwe haitumii kumwita mkwe wake, mbele ya watu, na hukugeuka.

Sasa nami niseme langu, maana sikulala. Mimi nilijua. Sikujua tangu posa, nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nimeishi na mtu mwenye gari maisha yangu yote, najua mafundi. Fundi wa kweli angeuliza: lina kutu wapi, liliwahi kupakwa nini, linalala mahali pakavu? Wewe hukuuliza swali hata moja. Hata hivyo niliisoma kwa sauti mpaka mwisho. Nikaona haya kukuuliza, wewe ni mkwe, ningekuvunjia heshima. Nikaona haya kumwambia yeye, maana alikuwa anacheka. Basi wewe, mkeo na mimi tulikuwa watu watatu tunaomdanganya mzee mmoja kwa sababu ya adabu.

Rudi. Sitakuuliza kitu.

Mama yako


27 Machi

Mume wangu,

Mjomba wako amekiri uko kwake. Basi usome.

Baba amekataa kurudi hospitali kusafishwa kidonda. Wiki iliyopita hakwenda. Jana hakwenda. Zahanati ya hapa wamesema hawawezi, kidonda ni kirefu, arudi kulekule alikotibiwa. Mama amelia, amempigia magoti. Anajibu neno lilelile: "Nitapitaje mbele ya wale watu?" Kliniki ya vidonda iko mwisho wa wodi ile, na njia ni moja tu, katikati ya vitanda. Anasema aliwasimulia habari zako kila siku aliyolala pale. Anasema wewe ulikimbia aibu yako ukamwachia aibebe yeye.

Leo nilipofungua bandeji palikuwa na harufu.

Sikuambii la kufanya. Nimekuambia mara moja, hukusikia.

Mkeo


Uani, hospitalini
3 Aprili

Mke wangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye tairi, mikono ina nta, utaniwia radhi kwa karatasi.

Barua yako niliisoma nimesimama. Mjomba akaniuliza kuna nini, nikampa aisome. Yeye akasema, "Ngoja nitunge maneno ya kwenda kumwambia mzee." Nikamjibu, "Mjomba, wewe usitunge tena." Nikatoka.

Nilifika saa ya kuona wagonjwa. Mlinzi alinitambua, akacheka, akasema gari lenu liko kule nyuma, mlichukue, linachafua. Nilisimama mlangoni pa wodi na miguu haikutaka. Nilipanga nimtafute Spana nimnong'oneze, yeye awaambie wengine. Kisha nikafikiri, nikimnong'oneza, baba yako bado atapita katikati ya watu wanaonong'ona.

Basi nikaingia mpaka katikati. Nikasema, "Shikamooni wazee." Wakaitikia. Nikasema, "Mimi ndiye mkwe wa mzee wa kitanda cha tatu. Mimi si fundi wa magari. Nashona viti. Yeye hakuwadanganya. Mimi ndiye niliyemdanganya yeye, tangu siku ya kuposa mpaka siku ya moshi. Aliyowaambia yote aliyaamini. Nawaomba akipita hapa, msimcheke. Mnicheke mimi, niko hapa, sitoki."

Na walicheka, mke wangu, sikufichi. Kijana mmoja wa kitanda cha mlangoni alicheka mpaka akashika mshono wake. Wageni waliokuja kuona wagonjwa wao waliuliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakacheka. Nilisimama pale. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilikuwa nafikiri baba yako atakuwa amewaza hasa kicheko hiki, alipogeukia ukuta.

Kisha wakachoka. Mwenye bandeji za macho akauliza, "Sasa mzee mwenyewe yuko wapi? Mbona haji kusafishwa?" Nikamwambia, anawaonea haya. Yule kijana wa mlangoni akasema polepole, "Sisi? Anatuonea haya sisi?" Alikuwa na mpira wa mkojo ubavuni.

Spana akaniambia, "Haya, twende nje ukanioneshe ulichokifanya." Akakaa kwenye kiti chini ya dirisha, nami nikaingia chini ya gari, na tangu siku ile niko hapa. Naikwangua lami yangu yote kwa kisu na brashi ya waya. Ni kazi ya mtu aliyekosa. Inaganda kwenye nywele, inaingia kucha. Juu madirishani wananitazama mchana kutwa, na wananipigia kelele, "Sindano, umeacha pale!" Ndiyo, jina wamelijua. Sijazoea. Kila wakicheka masikio yananiwaka moto.

Chini ya lami kutu ilikuwa imeshakula sehemu mbili za sakafu, kwa kuwa niliifungia maji. Spana amemwita mchomeaji anayemjua, ameziba. Nilisugua mpaka chuma kikawa cheupe, nikaosha, nikaacha jua likaushe, nikapaka dawa ya kula kutu, kisha rangi nyekundu ya chini, na leo nta. Vitundu niliviziba kwa vijiti kwanza, ekzosi nikaifunga magazeti. Vijiti nimevichomoa vyote. Spana amevipitia kimoja kimoja kwa kidole, hakuniamini, na hakosei.

Mwambie baba yako njia iko wazi. Mwambie wamecheka, usimfiche, lakini wamenicheka mimi na wamemaliza. Simwombi anisamehe. Namwomba aje asafishwe mguu.

Mimi silali kwa mjomba tena. Mlinzi ananipa nafasi kibandani kwake.

Mumeo


Nyumbani
7 Aprili

Kwa mkwe wangu,

Anaandika binti yangu, maneno ni yangu.

Nimesomewa barua yako. Nilisema isomwe mara mbili. Mara ya kwanza niliposikia umesimama katikati ya wodi nilijifunika shuka usoni, ingawa nilikuwa chumbani kwangu na mlango umefungwa. Niliona haya kwa niaba yako.

Bado nina hasira, na nisikudanganye kwamba zimekwisha. Si kwa sababu ya gari. Ni kwa sababu miaka yote nilikuuliza habari za gia, na hakuna siku uliyoniamini kiasi cha kuniambia hujui. Lakini nimejiuliza pia ni mtu wa namna gani mimi, ambaye mkwe wake anaona bora achome gari kuliko kumwambia kitu kidogo hivyo. Sijapata jibu zuri.

Kwenda pale nisingeweza. Ningekuwa wewe, nisingekwenda. Hilo ni la kweli, na nilitaka ulisikie kutoka kwangu.

Keshokutwa nitakuja kliniki kwa basi la asubuhi pamoja na mama yako. Sitaki upite mbele kuwaambia nakuja. Nisubiri getini, tuingie wote wawili. Sijui nitawatazamaje. Nikikwama mlangoni, usinisukume, ngoja tu.

Simama upande wangu wa kushoto. Huo ndio mguu usiobeba uzito.

Baba mkwe wako